Ekari nne bondeni mwa Ruvu: nijenge tuta, niuze, au nibaki?

*"Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba ametuachia ekari nne bondeni mwa Mto Ruvu, upande wa Makurunge, Bagamoyo. Kuna nyumba ndogo ya matofali ya udongo yasiyochomwa, na kisima. Masika ya 2024 maji yalifika dirishani na shambani yakakaa karibu wiki tatu, mpunga wote ukaoza. Masika yaliyofuata maji yalikuja kidogo yakaondoka, nikavuna kuliko mwaka wowote. Kaka yangu anataka tuchange tujenge tuta kuzunguka shamba lote. Jirani anasema mafuriko yanaletwa na mabwawa yanayofunguliwa huko juu, maana mara nyingine hapa kwetu hakuna hata tone la mvua na mto umejaa. Mwanangu naye kasoma kwamba Bangladesh wanafurika kila mwaka na wanalima mpunga mwingi. Nijenge, niuze, au nibaki? Na kile kisima, bado kinafaa?"*

Marahaba dada, na poleni kwa msiba. Swali lako lina misimu miwili ndani yake, na yote miwili imetoka kwenye mto uleule. Mmoja ulikuozeshea mpunga, mwingine ukakupa mavuno. Kwa hiyo tusiulize kama mafuriko ni mabaya au mazuri. Tuulize maji yalifika kina gani, yalikaa siku ngapi, na yaliukuta mpunga ukiwa na umri gani. Nitasema mapema ninachoshauri, kisha nieleze kwa nini: msijenge tuta kuzunguka ekari zote nne, usiuze kwa sababu ya msimu mmoja, na asilale mtu tena kwenye ile nyumba wakati wa masika.

Jirani yako amepata nusu. Ni kweli maji yanatoka mbali. Ruvu huanzia milima ya Uluguru, ambako miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Bagamoyo mnapata kama 1,000. Mvua ikinyesha mfululizo Uluguru, maji hushuka, hupita chini ya daraja la Barabara ya Morogoro, na huwafikia ninyi baada ya siku kadhaa. Anga lenu linaweza kuwa jeupe kabisa. Hapo hakuna aliyefungua kitu. Bwawa la Mindu liko kwenye Ngerengere, ambao ni tawi la Ruvu, na kazi yake ni maji ya mji wa Morogoro. Bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190, mwaka 2024 lilikuwa bado linajengwa. Hata likikamilika, bwawa lililokwisha kujaa hupitisha linachopokea, kwa hiyo litapunguza baadhi ya mafuriko na si yote. Ukataji miti na mashamba ya miteremkoni huongeza kasi ya maji na wingi wa tope, hilo ni kweli. Lakini ardhi ikishalowa hadi kushiba, kama ilivyokuwa masika ya 2024 baada ya vuli nzito ya El Niño, hata msitu mzuri hauwezi kuzuia maji mengi zaidi. Aprili mwaka huo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamefariki nchini kutokana na mvua zile. Usilinganishe kila masika na yale.

Kuna sababu ya pili ambayo wakulima wengi huisahau ingawa wavuvi wa Bagamoyo wanaijua vizuri: bahari. Bonde lenu ni tambarare na liko jirani na mdomo wa mto. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, bahari hupanda na kupwa kwa tofauti ya karibu mita 4, na yakijaa huuzuia mto usitoke. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kwenye pwani yetu kilele cha kujaa kwake huwa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri. Bamvua kubwa za mwaka huangukia Machi na Aprili, yaani masika yenyewe. Mto ukishuka umejaa siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, hupita. Maji yaleyale yakikuta bamvua, hurudi nyuma na kutandaa bondeni. Ndiyo maana mtu anayetazama mvua peke yake hukosea kila mara, na kalenda ya mwezi inamfaa mkulima wa bondeni kama inavyomfaa mvuvi.

Sasa zile wiki tatu. Mto unapofurika, mchanga mzito hutua kwanza, pale kando ya mto, na tope laini husafiri hadi nyuma. Miaka mingi ya hali hiyo imeinua kingo kuliko bonde lililo nyuma yake. Simama ukingoni utazame shamba lako, nina hakika utakuwa unatazama chini. Maji yakishavuka ukingo hayana njia ya kurudi, na udongo wa mfinyanzi ulioshiba hauyanywi. Mto unaweza kushuka Jumatatu na shamba likabaki ziwa hadi mwisho wa mwezi. Kilichouua mpunga wako ni maji kukosa pa kutokea. Mpunga hupenda miguu yake iwe majini, lakini ukizamishwa wote hukosa pumzi, kwa sababu hewa husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko angani. Maji yakiwa ya tope, na mwanga nao haufiki. Mche hujirefusha kutafuta juu, unamaliza akiba yake ya sukari, kisha maji yakiondoka unalala chini. Mbegu nyingi huanza kufa baada ya kuzama wiki moja hivi.

Yale mavuno mazuri ya mwaka uliofuata nayo yana sababu zake. Tope la unene wa milimita 1 tu juu ya ekari moja ni mita za ujazo 4, karibu tani 5 za udongo mpya wenye fosforasi na potasi, umeletwa bure. Maji yaliyotuama huotesha viumbe vidogo vya kijani vinavyoongeza naitrojeni. Zaidi ya hayo, na kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kwa mtu aliye karibu na bahari, mafuriko huosha chumvi. Kiangazi maji ya bahari hupanda mtoni kila yanapojaa, na chumvi hubaki kwenye udongo. Miaka miwili mfululizo bila mafuriko ungeiona wewe mwenyewe: ncha za majani ya mpunga zinakauka na kuwa nyeupe. Ongeza kambare na perege wanaoingia bondeni kuzaliana, visima vinavyojazwa chini kwa chini, na kamba wa pwani ya Bagamoyo na Saadani ambao wadogo wao hukulia kwenye mikoko, palipochanganyika maji matamu na ya chumvi.

Lakini si kila kinachotuama ni rutuba. Ukikuta mchanga mweupe, chimba upime. Chini ya sentimita 5, uchanganye na udongo wa chini kwa jembe au trekta. Ukizidi sentimita 15, usipoteze mbegu ya mpunga hapo, panda matikiti maji, viazi vitamu au karanga.

Mwanao amesoma vizuri, ila habari ya Bangladesh ina sura mbili na ya pili ndiyo inayomhusu kaka yako. Nchi ile imekaa mdomoni mwa mito mitatu, Ganges, Brahmaputra na Meghna. Bonde la mito hiyo ni kilomita za mraba milioni 1.7, na Bangladesh yenyewe ni kama asilimia 7 tu ya hapo, kwa hiyo maji yao karibu yote yananyesha kwa watu wengine, kama ninyi na Uluguru. Mwaka wa kawaida karibu sehemu ya tano ya nchi hufunikwa, na wakulima huyangoja maji hayo. Wana mpunga wa maji marefu ambao hurefuka hata sentimita 20 kwa siku maji yanapopanda. Wana mbegu nyingine iliyotiwa sifa ya kujizima ikizamishwa, ambayo huvumilia kama wiki mbili. Nyumba zao huinuliwa juu ya vilima vya udongo. Pamoja na hayo, mwaka 1998 maji yalifunika karibu theluthi mbili ya nchi na sehemu nyingi yakakaa zaidi ya miezi miwili. Ustadi wote ule haukuzuia maafa.

Na matuta wanayo. Tangu miaka ya 1960 maeneo ya pwani yao yalizungushiwa matuta makubwa ili kuzuia chumvi. Miaka ya mwanzo mavuno yalipanda. Kisha tope, likiwa limezuiwa kuingia mashambani, likatua mtoni. Mto ukapanda, ardhi ya ndani ikabaki chini na kuendelea kudidimia, na mvua iliyonyesha ndani ya tuta ikakosa pa kwenda. Huko Beel Dakatia maji yalituama miaka mingi hadi mwaka 1990 wakulima wakalikata tuta kwa mikono yao ili mto uingie na tope lake. Lile lilikuwa tuta la serikali, lenye wahandisi na milango ya maji.

Lenu litakuwaje? Tupige hesabu. Ekari nne zikiwa mraba, kila upande ni mita 127. Tuta la kimo cha mita 1.5, juu pana mita 2, ubavu ulale mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo (likisimama wima kuliko hapo litaporomoka), litakuwa na upana wa mita 8 chini. Mkilizungusha ndani ya mpaka wenu mtahitaji udongo mita za ujazo 3,600 hivi. Ni zaidi ya safari 500 za lori la mita za ujazo 7, kabla ya kushindilia. Na hiyo mita 8 kuzunguka pande zote inakula karibu ekari moja kati ya nne.

Gharama si ubaya wake mkubwa. Mfinyanzi wa Ruvu hupasuka kiangazi, kaa na panya huchimba, na mafuriko ya kwanza hupenya kwenye nyufa hizo. Chini ya tuta mara nyingi kuna tabaka la mchanga wa mto wa zamani, na maji hupita huko na kububujika ndani huku yakibeba mchanga, hadi tuta linakaa juu ya shimo. Maji yakilivuka kwa juu hata kwa saa moja, hulikata. Na likikatika, maji huingia kwa kishindo, wakati bila tuta yangepanda taratibu. Likinusurika, mvua yenu wenyewe inakusanyika ndani kama karai. Halafu kuna jirani: maji uliyoyazuia yanaenda kwake. Kubadili kingo au mkondo kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mkijenga bila kibali mnaweza kuamriwa kubomoa.

Fedha ya kaka ingefaa zaidi kwenye kuyatoa maji. Tafuta mahali pa chini kabisa pa bonde lenu, si pa shamba lako tu. Hapo ndipo unapohitajika mfereji wa kurudisha maji mtoni, na kwenye ukingo lipite bomba lenye kifuniko cha bawaba upande wa mto. Maji ya bondeni yakiwa juu kuliko ya mto, kifuniko hujifungua. Bahari ikijaa na mto kupanda, maji ya mto hukisukuma kikajifunga. Ekari nne zenye maji ya kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo karibu 4,900, na bomba la kipenyo cha sentimita 60 linaweza kuyatoa kwa siku moja au mbili za maji kupwa. Shida ni kwamba utakuwa unatoa na ya majirani, hivyo kazi hii ni ya kikundi, yenye kibali na fundi anayejua kupima mwinuko. Msikate ukingo wazi bila kifuniko! Mtaufungulia mto mlango wa kuingilia mapema zaidi. Na kifuniko lazima kisafishwe kabla ya kila masika. Gogo moja likikwama, hakifungi.

Ndani ya shamba, majaruba ya kingo za sentimita 30 hadi 40 yanatosha.

Kalenda ndiyo itakayokuokoa zaidi. Usipande bondeni Machi ukiomba maji yasije. Weka kitalu mahali pa juu, mita za mraba 200 hadi 400 kwa ekari moja, mbegu kilo 8 hadi 10. Kisha weka kitalu cha pili wiki mbili au tatu baadaye, kwa sababu hujui maji yataondoka lini. Mbegu ya SARO 5 hukomaa kwa siku kama 120, hivyo ukihamishia mwisho wa Mei au Juni utavuna Septemba au Oktoba. Kwa kawaida miche huhamishwa ikiwa na siku 14 hadi 21, lakini palipobaki maji ya kina, mche wa siku 30 wenye urefu wa sentimita 35 utafaa zaidi, mitatu kwa shimo. Utapoteza mavuno kidogo, lakini mche mfupi ungezama. Pale juu kwenye ukingo, panda kunde au mahindi ya muda mfupi kufuata unyevu maji yanapoondoka, kilimo ambacho Rufiji wanakiita mlau. Mihogo na mahindi usiyapeleke kwenye bonde la chini, maji ya siku tatu tu yanatosha kuyaua.

Mpunga uliokwisha kuzama nao una adabu zake. Maji yakiondoka, usikimbilie kuweka urea. Ngoja jani jipya litoke, siku 7 hadi 10, ndipo uweke kidogo. Mche uliodhoofika hauwezi kuitumia mbolea, na majani laini hualika ukungu.

Ukimwagilia kwa pampu kiangazi, chota maji yanapokuwa yamekupwa, na uyapime chumvi kwanza. Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya maji ikizidi 2 dS/m (kizio cha kupimia chumvi), na ulimi hauwezi kukwambia hiyo ni 1 au 3. Kipimo kidogo cha mkononi chaweza kununuliwa na kikundi. Pampu ya mtoni nayo inataka kibali cha Bodi ya Bonde.

Nyumba sasa. Tofali lisilochomwa likikaa majini hurudi kuwa udongo, kuanzia chini, na ukuta unaweza kuonekana mzima siku maji yanapoondoka kisha ukaanguka wiki ya pili. Ukiona ufa wa pembeni unaoingiza ncha ya kidole, au ukuta umepinda, usiingie kufagia. Mwite fundi mwenye uzoefu auone akiwa nje kwanza. Shauri langu ni kulima bondeni na kulala juu, kama wenyeji wengi walivyofanya tangu zamani, na ile nyumba iwe kibanda cha mchana. Kama lazima mjenge hukohuko, nje ya zile mita 60, inueni kwanza kilima. Kilima cha juu mita 10 kwa 8, kimo mita 1, chenye ubavu wa kulala, kinakula mita za ujazo 121 zilizoshindiliwa, yaani kama safari 22 za lori. Shindilia kila tabaka la sentimita 20, panda ukoka ubavuni, na msingi wa nyumba wenyewe uwe wa tofali la saruji au mawe. Pima kimo kutoka kwenye alama ya maji ya 2024 iliyobaki ukutani. Alama hiyo ni mali, msiipake chokaa.

Kuuza? Ingekuwa busara kama hamna pa kulala zaidi ya pale, au kama mto unakula ukingo na kila mwaka mpaka wenu unasogea. Piga kigingi mita 10 kutoka ukingoni ujue. Vinginevyo, shamba linalotoa mavuno uliyoyaona haliuzwi kwa bei nzuri mwaka uliofuata mafuriko, na wanunuzi wanalijua hilo. Mnaweza pia kukodisha msimu mmoja wakati ninyi wawili mnaelewana.

Kabla ya kutumia shilingi yoyote, simika vigingi vinne vyenye alama za kila sentimita 10, kimoja kikiwa mahali pa chini kabisa. Masika haya andika kila asubuhi tarehe, kina, na mwezi ulivyo angani. Daftari hilo lipeleke kwa afisa ugani wa kata na kwa watu wa Bodi ya Bonde, mazungumzo yenu yatakuwa ya maana kuliko maelezo ya mdomo. Fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa za Morogoro, siyo za Pwani peke yake. Mkipata tahadhari ya mvua kubwa Uluguru na bamvua iko karibu, ondokeni mchana. Maji ya chini ya goti yakienda kasi humwangusha mtu mzima, na mamba na viboko wa Ruvu hutoka mkondoni kufuata maji. Mtu akizingirwa, pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji. Homa, mkojo wenye damu, au kuhara maji baada ya kukanyaga mafuriko ni jambo la kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kisima kinafaa, ila si bila kazi. Toeni maji yote na tope la chini kwanza, myaache yajae tena. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 2 kina mita za ujazo 2.26, na kinahitaji gramu 65 za klorini ya unga ya asilimia 70. Iyeyushe kwenye ndoo ya lita 20, mimina ukizunguka kuta, kisha pafungwe kwa muda wa saa 12 asichote mtu. Baadaye choteni mkimwaga mbali na shamba hadi harufu ipungue. Klorini haiondoi chumvi wala dawa za shamba, na kama choo kiko karibu ya mita 30 vijidudu vitarudi, hivyo maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa hadi yatokote dakika nzima. Inueni kichwa cha kisima kipite alama ya 2024, kiwe na sakafu ya zege kuzunguka na mfuniko, kisha pelekeni sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji.